Si upana wa mashua unaonasanisha mishipi

Wavuvi wengi huamini kwamba mashua ndogo haiwezi kukokota chambo kwa winchi mbili au tatu za kuzamishia, yaani zile zinazoshusha chubwi (uzito) kwa waya ili lipeleke mshipi na chambo kilindini, eti upana hautoshi na mishipi lazima inasane. Si kweli. Upana husaidia, lakini kinachotenganisha mishipi hasa ni kina.

Chubwi halikai wima chini ya winchi. Maji huisukuma waya nyuma, na kadiri waya inavyokuwa ndefu majini ndivyo chubwi linavyobaki nyuma zaidi. Kwa hiyo lile la chini kabisa lipewe uzito mkubwa, lishushwe kutoka tezi (nyuma ya mashua), na mshipi wake kati ya kibanio kinachoushikiza kwenye waya au chubwi na chambo uwe mfupi. Ya ubavuni yakae juu zaidi, na mishipi mirefu. Hapo mishipi ya pembeni ikivutwa kuelekea katikati, hupita juu ya ile ya tezi bila kuigusa.

Mikanganyiko mibaya hutokea kwenye kona. Chubwi la upande unaogeukia hupunguza mwendo na kuzama. La upande wa pili huongeza kasi na kupanda. Ukikata kona kali, waya hukutana. Geuza taratibu, kwa duara pana. Mimi hata samaki akinasa sisimamishi injini, labda awe mkubwa mno, maana mashua ikisimama machubwi yote huning'inia wima na mishipi hulegea, na mishipi iliyolegea hutafutana yenyewe.