Mei Mosi si ya Warusi, na mengine tunayoyakosea kuhusu migomo ya Marekani

Kila Mei Mosi ikikaribia hukosi mtu wa kukwambia hiyo ni sikukuu ya wakomunisti, imetoka Urusi. Wapi! Chanzo chake ni Marekani. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa viwandani waligoma Chicago na miji mingine wakitaka siku ya kazi iwe masaa 8, maana wengi walikuwa wanapiga masaa 10 hadi 12, siku sita kwa wiki. Mwaka 1889 mkutano wa wasoshalisti Paris ndo ukaichukua tarehe hiyo iwe ya wafanyakazi kimataifa.

Ila uongo unaoniudhi zaidi ni kwamba wale wanaharakati wa wafanyakazi walionyongwa Chicago baada ya migomo hiyo ndo walirusha bomu lililoua polisi. Tarehe 3 Mei polisi waliwapiga risasi wagomaji kwenye kiwanda cha McCormick, kesho yake usiku kukawa na mkutano wa kulaani pale uwanja wa Haymarket, meya Carter Harrison mwenyewe alikuwepo, akaona watu wametulia, akamwambia mkuu wa polisi hakuna shida akaenda zake nyumbani. Mvua ikatishia, wengi wakaondoka, wamebaki mia chache tu ndo polisi zaidi ya 170 wanakuja kuwatawanya, na hapo bomu likarushwa, polisi 7 wakafa. Nani alirusha? Mpaka leo hajulikani. Kati ya watu 8 walioshtakiwa kwa bomu hilo, wawili tu ndo walikuwa pale linapolipuka, George Engel alikuwa kwake anacheza karata! Akanyongwa 11 Novemba 1887 pamoja na Spies, Parsons na Fischer, kisa eti maneno na maandishi yao yalimchochea mrushaji, mtu ambaye mahakama hata haikumjua. Mwaka 1893 gavana wa jimbo hilo, Altgeld, akawatoa watatu waliokuwa bado jela na akasema wazi kesi haikuwa ya haki.

Halafu kuna wanaodhani masaa 8 yalipatikana hapohapo. Sheria ya nchi nzima ya kubana masaa ya kazi na kulipa ovataimu ilipita 1938, fikiria.

Wamarekani wenyewe siku yao ya wafanyakazi ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na utasikia Rais Cleveland aliwapa kama kifuta machozi baada ya jeshi kuzima mgomo wa Pullman, kampuni ya mabehewa ya treni. Tarehe zinakataa: alisaini 28 Juni 1894, jeshi likaingia Chicago Julai, na gwaride la kwanza la siku hiyo lilishafanyika New York tangu 1882.

Na msidanganyike kwamba wafanyakazi wote walikuwa kitu kimoja. Chama cha wafanyakazi wa reli cha Eugene Debs, hichohicho kilichosimama na wagomaji wa Pullman, kilipiga kura kuwakataa weusi, wakati wahudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman walikuwa weusi. Wahudumu hao walikuja kuanzisha chama chao 1925.