Masharti ya kazi ya mtafiti yaandikwe kwenye andiko la mradi

Tafiti za afya na uvuvi zinazofanyika Kigoma na Tabora zinabebwa na watu ambao majina yao ni nadra kuonekana kwenye ripoti. Kuna wadadisi wanaopita nyumba kwa nyumba Kaliua na kishikwambi mkononi, wateknolojia wa maabara wanaopokea sampuli usiku, na wakusanya takwimu wanaosubiri mitumbwi ya dagaa mwaloni alfajiri. Kuna pia madaktari wa hospitali za mkoa za Maweni (Kigoma) na Kitete (Tabora) wanaosajili wagonjwa kwenye utafiti huku foleni ya kliniki ikiwasubiri. Wadadisi na wasaidizi wengi wako kwenye mikataba mifupi ya mradi. Mmoja wao akiumia, au fedha zikikatika, ndipo watu huanza kuulizana nani anawajibika, na wakati huo bajeti imeshagawanywa.

Ushauri wetu kwa watafiti wakuu na taasisi ni kwamba masharti ya kazi yaingie kwenye andiko la mradi kabla mfadhili hajasaini. Baada ya saini, kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine huhitaji idhini, na kifungu cha kwanza kubanwa huwa ni cha watu.

Anza na mshahara wenyewe. Kosa la kawaida ni kuweka kwenye bajeti mshahara mtupu. Chukua mtafiti msaidizi wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mchango wa mwajiri kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, asilimia 10, ni 60,000. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5, ni 3,000. Kwa hiyo gharama halisi ni 663,000 kwa mwezi, yaani 7,956,000 kwa mwaka, bado posho ya kujikimu akiwa nje ya kituo. Mradi uliopanga 7,200,000 utakuja kutafuta pengo hilo mahali, na mara nyingi hulitafuta kwa kumwita mfanyakazi "kibarua" ili asichangiwe. Matokeo yake, akipinduka na pikipiki njiani Sikonge hana pa kushika.

Mikataba ya miezi mitatu mitatu inastahili neno la peke yake. Wapo wanaoamini kwamba mkataba usiofika miezi sita humnyima mfanyakazi likizo ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeliona hilo. Aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule, na jumla ya muda wake ikazidi miezi sita, anastahili likizo yenye malipo. Likizo ya mwaka kamili ni siku 28. Sheria hiyo inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kifungu hiki kinawagusa moja kwa moja wanaokamata mbu usiku na wanaofuata wavuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa gizani.

Sasa malipo ya dodoso. Tungependa desturi ya kumlipa mdadisi kwa idadi ya madodoso ikome, kwa ajili ya mfanyakazi na kwa ajili ya takwimu zenyewe. Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, familia nyingi Urambo na Kaliua hushinda mashambani, na wengine hulala hukohuko. Mdadisi akikuta mlango umefungwa, kurudi kesho ni kilomita kadhaa za tope bila senti. Basi atamhoji jirani aliyepo badala ya kaya iliyochaguliwa, au atajaza majibu kivulini. Hapo sampuli imeshapinda: waliohojiwa ni wale wa barabarani na wenye muda wa kukaa nyumbani. Lipa kwa siku. Dodoso la saa moja, kaya zikiwa zimetawanyika, panga kaya nne au tano kwa siku na si kumi. Tenga siku za kurudia kaya zilizokosekana, na msimamizi arudie maswali machache kwenye sehemu ndogo ya kaya, akizichagua mwenyewe bila kutangaza.

Kuna jambo jingine linaloonekana dogo: rangi ya sare. Miradi hupenda fulana na vizibao vya bluu iliyokoza, kwa kuwa vinapendeza na havionyeshi uchafu. Mbung'o, ambao wengi huku huwaita ndorobo, huvutwa na bluu na nyeusi, na mitego ya kuwakamata hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Ukimvalisha mdadisi bluu ukampeleka kwenye miombo ya Urambo au Uvinza, umemgeuza mtego unaotembea. Agiza kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu, kitambaa kizito. Gharama ni ileile. Kwa safari za ziwani kutoka Kibirizi, kila mtu awe na jaketi okozi la saizi yake, alivae tangu chombo kinapoondoka, na nahodha awe na kauli ya mwisho kuhusu upepo hata kama ratiba ya mradi imechelewa. Wanaoingia majini kuchukua sampuli wapimwe kichocho na kutibiwa kwa fedha za mradi.

Maabara nazo zina saa zake. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Ianze siku ya kusaini mkataba, si siku sampuli zinapoanza kuingia. Anayejichoma sindano aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asiliminye, aripoti papo hapo. Dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo na si baada ya saa 72, kisha humezwa siku 28. Ajali iandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, maana madai ya WCF yana ukomo wa miezi 12.

Kuhusu maendeleo ya kitaaluma, kikubwa ni majina kwenye makala. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kukusanya takwimu nani atakuwa mwandishi na kwa mchango gani. Kuchangia sampuli tu hakumfanyi mtu mwandishi, lakini mteknolojia aliyechambua matokeo apewe nafasi ya kusoma rasimu, kuikosoa na kuiidhinisha, kwa kuwa bila hatua hizo hawezi kuhesabiwa mwandishi. Daktari wa hospitali ya mkoa naye apewe siku ya utafiti inayoonekana kwenye zamu. Akiambiwa afanye "akipata nafasi", nafasi hiyo haipatikani.

Mradi ukifika mwisho, mwajiri anatakiwa kutoa cheti cha utumishi. Kwa mtafiti kijana, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa uzoefu anapoomba kazi nyingine. Aliyeachishwa isivyo halali afungue shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Siku hizo hupotea haraka mtu akiwa bado anapiga simu kumtafuta mratibu wa mradi, kwa hiyo aende mapema kwa chama chake cha wafanyakazi, kiwe RAAWU cha watafiti na wanataaluma, THTU cha vyuo vya elimu ya juu au TUGHE cha watumishi wa serikali na afya, akiwa na nakala ya mkataba, hati za malipo na ratiba za kazi.