Jamani, shimo jeusi halijameza tonge

Nasema tena: kiini cha galaksi kikiongeza mwanga leo na kufifia wiki ijayo, haina maana shimo jeusi limekula. Kila habari ya aina hii ikitoka lazima mtu anitumie WhatsApp "mwalimu limemeza tena", nishachoka hata kujibu.

Gesi kwenye diski, yaani ile sahani ya gesi inayolizunguka shimo, haitumbukii tu, inazunguka, na kusogea ndani inachukua muda mrefu mno, kwa mashimo makubwa hata maelfu ya miaka. UV (miali ya urujuanimno) inatoka ndani kwenye joto kali, mwanga wa kawaida unatoka nje zaidi. Sasa chukua galaksi ya NGC 5548. Mwaka 2014 darubini ya anga ya Hubble iliikodolea macho karibu kila siku kwa miezi kadhaa, satelaiti ya Swift nayo inapima UV na eksirei humohumo. UV ikatangulia kupanda, mwanga wa kawaida ukafuata baada ya siku moja, mbili hivi. Umeona mwelekeo? Ndani kwenda nje! Tonge lingekuja kinyume, na kwa mwendo wake wajukuu zako wangestaafu wanalisubiri. Siku mbili ni safari ya mwanga, si ya gesi.

Kwa hiyo vitabuni wanakwambia korona, gesi ya moto mno iliyo juu ya shimo, inatoa eksirei, eksirei zinapiga diski, diski inapata moto, UV inafuata, kwisha. Na hapa wasomi wenzangu nao wananiudhi, maana wanaisema kama sala. Kwenye NGC 5548 hiyohiyo UV na mwanga wa kawaida vinafuatana vizuri kabisa, ila eksirei na UV zinafuatana kwa kusuasua, sasa kama eksirei ndiyo taa mbona kinachomulikwa hakimfuati mmulikaji? Utaambiwa kuna wingu la gesi lilikuwa limeziba eksirei upande wetu, sawa, lilikuwepo kweli, lakini galaksi nyingine zina shida hiyohiyo bila wingu. Halafu ukipima diski kwa ucheleweshaji ule wa mwanga kuifuata UV, unapata diski kubwa kama mara tatu kuliko nadharia, na kwenye bendi ya U (mwanga ulio jirani na UV) ucheleweshaji unaruka ghafla kwa sababu gesi ya mbali nayo inachangia, kwa hiyo sehemu ya tunachokiita diski si diski. Na kabla ya kupima, wengi wetu tunaondoa kwanza mabadiliko ya polepole ili grafu ipendeze, wakati huenda hayo ya polepole ndiyo ya diski yenyewe. Mimi naanza kuamini hivyo, ila kuthibitisha bado.

Halafu kuna galaksi nyingine, 1ES 1927+654. Mwanga wa kawaida na UV vililipuka mwishoni mwa 2017, miezi kadhaa baadaye mwaka 2018 eksirei zikapotea karibu zote, kisha zikarudi kali kuliko mwanzo, UV yenyewe inashuka taratibu kama haijasikia kitu. Wapo wanaosema pale nyota ilipasuliwa ikaliwa. Kwa hiyo moja, haya, siwakatalii.