Je, wajua kwa nini koti la ofisa wa kale wa Uingereza liliwaka wekundu kuliko la askari wake?

Ukicheki picha za jeshi la Uingereza la miaka ya 1700 mpaka mwanzoni mwa 1800 unaona wote wamevaa koti jekundu, unadhani ni nguo ileile, kumbe wala. Askari wa kawaida alipewa koti lililotiwa rangi ya mizizi ya mmea wa Rubia tinctorum, rangi ya bei rahisi, likishapigwa na jua na mvua za safari linapauka mpaka linaelekea kahawia. Ofisa yeye alijishonea sare kwa fundi wake kwa hela yake mwenyewe, na alitaka wekundu unaoonekana toka mbali.

Sasa wekundu ule ulitoka kwa mdudu! Anaitwa kochinili, kadudu kadogo kanakoishi kwenye mpungate, mmea wa miiba wa jamii ya kaktasi, huko Mexico, yanakusanywa majike, yanakaushwa na kusagwa, na kilo moja tu ni wadudu zaidi ya laki moja, hapo unaelewa kwa nini bei ilikuwa juu. Halafu kochinili peke yake inatoa wekundu wa kuelekea zambarau, ikitiwa madini ya bati ndo inawaka kama moto, mambo ambayo Mholanzi Cornelis Drebbel anatajwa kuyagundua mwanzoni mwa miaka ya 1600.

Wanaoshona kopi za koti hizi leo rangi wengi wanaipatia, wanakokosea ni kitambaa. Sufu ya koti la ofisa ikishafumwa ililoweshwa na kupondwa kwa nyundo kubwa za mbao mpaka inasinyaa na nyuzi zinashikana kabisa, kwahiyo fundi alikuwa anakata ukingo na kuuacha hivyohivyo bila kupiga pindo na haufumuki ng'o. Sufu nyingi za suti za siku hizi hazipondwi kiasi hicho, ukiacha ukingo wazi nyuzi zinachomoka, fundi inabidi apinde ashone, na akishapinda tu kola na mikia ya nyuma vinakuwa vinene, lile koti lililokaa kama limechongwa linageuka vazi la kukodi la maigizo.

Ndo maana mi nikishika kopi yoyote vifungo vya dhahabu naviacha kwanza, nageuza mkia wa koti natazama ukingo. Ukiwa umekatwa wazi na umetulia, najua huyu fundi ameitafuta sufu yenyewe.