Hórreo ni nini?

Hórreo ni ghala la mahindi lililoinuliwa juu ya nguzo. Ukitembelea Galicia, ile kona ya kijani ya kaskazini-magharibi mwa Uhispania inayopakana na Atlantiki, utaliona kila kijiji: sanduku refu, jembamba, la mawe ya itale au mbao, lenye paa la vigae na mara nyingi msalaba juu yake. Wageni wengi hudhani ni kaburi.

Umbo hilo limeletwa na mvua. Santiago de Compostela hupata takriban milimita 1,800 kwa mwaka, na mahindi huvunwa vuli, mvua ndiyo kwanza zinashika kasi. Kuanika uani haiwezekani. Basi hupangwa ghalani yakiwa bado kwenye magunzi, upepo ukiingia kwenye mianya ya ukuta huu na kutokea wa pili. Ghala lingekuwa pana, mahindi ya katikati yangeota ukungu.

Kisha kuna panya. Tazama nguzo inapokutana na sakafu: hapo limelazwa jiwe bapa, pana kuliko nguzo yenyewe. Panya hupanda vizuri tu, lakini akifika kwenye jiwe hilo hana pa kushika. Wenyeji huliita tornarratos. Hata ngazi haigusani na ghala. Huachwa pengo ambalo mtu hulivuka kwa hatua moja. Mkulima wa kwetu aliyevisha bati miguu ya kihenge chake ataielewa hesabu hiyo papo hapo.

Wapo wanaolihusisha hórreo na Wakelti, watu wa kale wa Ulaya. Mimi siafiki. Mambo ya kale hayo katafute Baroña, kwenye misingi ya nyumba za mviringo za kabla ya Warumi, juu ya jabali la baharini. Mahindi yalitoka Amerika na kuenea Galicia karne ya 17, na hórreo nyingi tunazoziona leo zilijengwa baada ya hapo. Ile ya Carnota ilianzwa 1768, ikaja kurefushwa ikapita mita 34. Mkulima gani angeijaza? Ilikuwa ya parokia, ya kuwekea zaka, na urefu wake ulitangaza utajiri. Ya Lira, jirani tu, inakaribiana nayo kwa urefu. Watu husema maparoko walikuwa wakishindana.

Ukiwa na siku moja tu, nenda Combarro, ambako zimejipanga ukingoni mwa maji. Tangu 1973 sheria inazilinda zenye zaidi ya miaka 100, lakini nyingi ni mali ya watu, ziko uani kwao. Piga hodi kwanza.