Aina ya 3 ya virusi vya dengi ilipoibuka Singapore katikati ya UVIKO-19

Kunapozuka mlipuko wa dengi, kila mtu huuliza ni wagonjwa wangapi. Kwangu mimi ninayeshughulika na virusi hivi maabara, swali linalotangulia ni aina ipi. Virusi vya dengi viko vya aina nne, na aliyeugua kwa aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo, ilhali kinga yake dhidi ya zile tatu nyingine hufifia baada ya miezi kadhaa. Akiambukizwa aina nyingine baadaye, kingamwili zake za zamani zinaweza kuvisaidia virusi kuingia kwenye seli badala ya kuvizuia, ndiyo maana maambukizi ya pili mara nyingi huwa ya hatari kuliko ya kwanza.

Singapore inalifahamu jambo hili vizuri, kwa kuwa dengi ni ugonjwa ambao daktari analazimika kisheria kuutolea taarifa, na maabara za serikali zimekuwa zikichambua aina za virusi kwa miaka mingi. Aina ya 2 ndiyo iliyokuwa imetawala kwa miaka kadhaa, hadi mwanzoni mwa 2020 aina ya 3 ilipoanza kupanda kwa kasi. Kisiwa hicho hakikuwa kimepata mlipuko mkubwa wa aina hiyo kwa karibu miongo mitatu, kwa hiyo watu wengi, hasa vijana, hawakuwa na kinga yoyote dhidi yake. Onyo lilikuwa limeshatolewa kabla watu hawajazuiwa kutoka nyumbani, kuanzia Aprili 7 hadi Juni 1.

Zuio hilo liliwaweka watu karibu zaidi na mbu. Aedes aegypti, mbu mkuu anayeeneza dengi, huuma mchana, hupenda kukaa ndani, na hutaga mayai kwenye maji machache tu yaliyotuama, hata ya kwenye kisahani cha chini ya chungu cha maua. Mwaka huo ulifungwa kwa wagonjwa zaidi ya 35,000, wakati rekodi iliyotangulia, ya 2013, ilikuwa takriban 22,000.

Hata hivyo, hesabu za wagonjwa wakati wa janga zina kasoro. Mwenye homa huogopa kwenda kliniki, na akienda, dalili za mwanzo za dengi na UVIKO-19 hufanana. Singapore kwenyewe wagonjwa wawili walionekana kuwa na dengi kwa kipimo cha haraka cha kingamwili, kumbe walikuwa na UVIKO-19. Uwiano wa aina hauyumbishwi kirahisi hivyo: kama wagonjwa nusu hawakufika hospitali, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wa aina ya 3 ndio waliojificha zaidi, sampuli zilizobaki bado zitaonyesha aina ipi inapanda, mradi zinatoka mitaa mbalimbali na si kwenye kundi moja la nyumba jirani.

Kazi yenyewe inahitaji damu ya siku tano za kwanza za homa, maana baada ya hapo virusi hupungua kwenye damu na kinachobaki ni kingamwili, ambazo haziaminiki kutofautisha aina. Katika kipimo kinachotumika sana cha PCR, yaani cha kunakili chembe za urithi za virusi mara nyingi hadi ziweze kuonekana, kila aina hupewa kinasio (kipande kinachoshikamana na aina hiyo tu) chenye rangi yake, na kwenye skrini unaona mstari wa aina moja ukipinda kwenda juu huku mingine mitatu ikilala chini. Tatizo la 2020 lilikuwa kwamba mashine hizohizo, vimeng'enya hivyohivyo, hata ncha za pipeti, vyote viligombaniwa na vipimo vya UVIKO-19 duniani kote. Ningeshauri maabara yoyote iliyobanwa namna hiyo ipunguze idadi ya sampuli kuliko kusimamisha uchambuzi, kwani sampuli chache za kila wiki zina faida kuliko nyingi zinazokuja baada ya pengo la miezi.

Mwaka 2021 wagonjwa walishuka hadi takriban 5,000, na wengi walidhani wimbi limepita. Aina ya 3 ilikuwa bado ina watu wengi wa kuambukiza, na mwaka 2022, ikiwa ndiyo inayoongoza, wagonjwa walipita tena 30,000.