Moshi wa foleni: maswali kutoka kituo cha daladala

Nasubiri daladala Ubungo kila asubuhi. Nikifika kazini nikipenga kamasi, inatoka nyeusi. Ni vumbi tu?

Vumbi limo, lakini masizi ya dizeli nayo yamo. Hayo unayoyapenga yana nafuu, maana pua imeyanasa. Ya kuhofia ni chembe usizoziona, ndogo kuliko unene wa unywele mara 30 hivi. Hizo hupita pua na koo, hufika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara ya moshi hayaishii kwenye kikohozi na pumu: unachangia pia mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani, kundi lilelile la sigara.

Barakoa ya kitambaa inasaidia?

Kwa vumbi, kidogo. Kwa chembe hizo, hapana. Bora usogee mbali na ekzosi, hasa ukiwa na mtoto.

Na moshi usioonekana?

Huo ndio unaoua kimyakimya. Kabonimonoksaidi haina rangi wala harufu, na hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Umeme ukikatika, usiwashe jenereta ndani ya duka. Mkaa, ingawa hautoki ardhini kama petroli, unatoa gesi hiyohiyo, kwa hiyo usilale na jiko chumbani. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Hayo yanahusianaje na mafuriko ya Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi hapa Dar?

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa hewa ukaa (kabonidioksaidi, si ile kabonimonoksaidi) kama kilo 2.3. Ndiyo, inazidi uzito wa petroli yenyewe, kwa sababu inaungana na oksijeni ya hewani. Hewa ukaa haimkoholeshi mtu barabarani. Inabaki angani miaka mingi ikizuia joto lisitoke. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa; sasa imepita 420. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na mvua ikija inakuja kwa kishindo.

Siwezi kuibebesha hewa ukaa kila mafuriko ya Msimbazi. Tumejenga bondeni, na mitaro tumeijaza chupa. Tena sehemu kubwa ya gesi hiyo haikutoka kwenye daladala zetu, ilitoka nchi tajiri. Lakini maji ya vyoo yakichanganyika na ya kisima, kipindupindu hakiulizi nani alichoma mafuta. Madimbwi yanayobaki huzalisha mbu; homa ya dengi iliyotusumbua Dar mwaka 2014 na 2019 huletwa na mbu anayeuma mchana.

Bajaji za gesi je?

Masizi yake ni machache mno kuliko ya dizeli, na mapafu yatashukuru. Hewa ukaa bado ipo, maana gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, kama petroli, nayo ni ya kuchimbwa.